Mkulima Asisumbuliwe

Sisi watu wa Nyeri tumebarikiwa. Tarehe 18 Desemba 2023, Kenya na Umoja wa Ulaya walipotia saini mkataba wa biashara jijini Nairobi, sikusikia mkulima wa Othaya akisumbuliwa kwa kuitwa mezani. Na angeitwaje, msimu umekolea? Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, akichambua kahawa mbichi na zilizooza kabla karani wa kiwanda hajamrudishia debe. Tena buni isiyokaangwa ilikuwa ikiingia Ulaya bila ushuru tangu hapo awali. Angeomba nini huko, chai na mandazi? Hata mbuzi wa ruracio, yaani wa mahari, haulizwi anahamia boma gani, na hatujamsikia akilalamika.

Asidhani lakini kwamba amesahauliwa. Sheria ya Ulaya ya kulinda misitu, ya mwaka huohuo, inataka kila shamba la kahawa lioneshwe lilipo kwenye ramani. Robo ekari ya Tetu, yenye mibuni yake na mgomba mmoja kando ya choo, itajulikana hadi Brussels kwa latitudo na longitudo. Siku wakihitaji maoni yake, hawatapotea njia.