Gari Likibonyea Kariakoo

Anayeingiza gari Kariakoo mchana wa Jumamosi huwa ameshakubali mambo mawili: kwamba maegesho hatapata, na kwamba hatatoka bila alama. Mitaa hii ilipimwa enzi za Mjerumani, nyumba zikiwa za chini na watu wakitembea kwa miguu. Leo ina maghorofa, bajaji, bodaboda, meza za machinga na mikokoteni iliyosheheni majora ya vitambaa hadi msukumaji haoni mbele. Anachoweza ni kupaza sauti, "Pisha! Pisha!", na gari lililoegeshwa halijawahi kumpisha mtu.

Ndivyo ilivyomkuta mwenye Vitz mmoja aliyefuata vitenge vya shughuli ya mdogo wake. Mpini wa mkokoteni ulibonyeza mlango wa nyuma, ukamalizia na bampa. Alipotoka dukani, mwenye mkokoteni alikuwa ameshayeyuka, ila washauri walikuwa wamejaa. Gari lenyewe lina bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga, si wewe. Tiba ikabidi ipatikane palepale.

"Bosi, usipeleke hela kwa fundi," alisema muuza chaja. "Hapo ni maji ya moto tu."

Kwa bampa, alisema kweli. Bampa za magari mengi ya siku hizi ni za plastiki, tena ya aina inayolainika ikipata joto na kukaza ikipoa. Mama ntilie wa kona alitoa sufuria ya maji yanayochemka, yakamiminwa taratibu, mtu akapitisha mkono kwa nyuma akasukuma, bampa ikarudi mahali pake. Ikamwagiwa maji ya baridi ikaze. Watu wakapiga makofi, na hapo ndipo walipotakiwa kuishia.

Wakahamia mlangoni. Mlango ni bati la chuma, na chuma hakina habari na maji yanayochemka. Hulainika kwenye joto la mamia ya digrii, rangi ikiwa imeshaungua zamani. Sufuria ya pili iliosha gari na kumbabua dole gumba muuza chaja.

Saluni ya jirani ikaazimisha draya, muuza maji akatoa kipande cha barafu: pasha, kisha poza ghafla. Mbinu hii haikuzuliwa Kariakoo. Wenzetu ughaibuni hutumia barafu kavu ya kaboni dioksidi, ambayo baridi yake hufika nyuzi 78 chini ya sifuri, na hata huko hufanikiwa kwa nadra. Barafu ya maji ni ya kupozea juisi. Mlango ukapashwa, ukapozwa, ukabaki na bonde lake.

Ndipo ikaletwa pampu ya kuzibulia choo (mpya, kutoka duka la vifaa vya ujenzi, wasomaji wasiwe na wasiwasi). Wala si upuuzi mtupu. Bonde likiwa pana, lisilo na mkunjo, na bati likicheza ukilibonyeza kwa kidole, maana yake limepinda tu bila kuvutika. Ukilowesha ukingo wa mpira, ukakandamiza na kuvuta kwa ghafla, linaweza kuruka likarudi. Lakini ncha ya mpini wa mkokoteni haipindishi, inachoma: bati huvutika na kuacha mkunjo, na mkunjo haurudi kwa kunyonywa. Vijana watatu walivuta. Mti wa pampu ukachomoka, mpira ukabaki umeng'ang'ania mlango, na aliyekuwa nyuma kabisa akakalia sinia la machungwa. Mama wa machungwa alilipwa kwanza, majadiliano yakafuata.

Mtu akataja dawa ya meno. Hiyo husaidia mikwaruzo miepesi kwa sababu ina unga laini unaosugua. Bonde halipigwi mswaki.

Jioni gari lilifika kwa fundi wa bodi, Gerezani. Alipitisha kiganja mlangoni, macho kayafumba, kisha akauliza, "Anko, nani mwingine ameshaigusa hii?" Hakuna aliyejibu. Akafungua jalada la ndani la mlango, akaweka chuma cha kukingia upande mmoja na nyundo upande wa pili, akaanza kugonga pembezoni polepole akielekea katikati. Wapo mafundi wasiojisumbua hivyo: wanajaza puti, wanapiga msasa, wanapaka rangi, na mlango unameta kuliko mwanzo. Siku ya kuuza, mnunuzi mjanja huja na sumaku mfukoni. Juu ya bati inashika. Juu ya puti nene inateleza, na bei inateleza nayo.

Kwa hiyo bampa mwagie maji ya moto, vaa glavu, na mlango mwachie anayeujua. Kabla ya yote, kagua rangi. Kama haijapasuka, bonde linaweza kusubiri hadi hela ipatikane. Kama imepasuka, ziba kwa rangi siku hiyohiyo, hata kwa brashi ndogo, kwa sababu hewa ya Dar es Salaam ina chumvi ya bahari na bati lililo wazi hushika kutu upesi.