Spidi ya Stika

Magari mengi yanayoshushwa Bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani yana jambo moja linalowakera vijana: namba za spidi zinaishia 180. Si kwamba injini haziwezi. Watengenezaji wa kule walikubaliana zamani kwamba magari ya soko lao la ndani yakomee hapo, na vile vigari vyao vidogo kabisa vinakomea 140. Mimi sijawahi kuona tatizo. Kwenye makazi sheria inataka 50, foleni ya Buguruni inataka 5, na petroli ya kukimbizia hadi 180 ningeitoa wapi?

Mwenye tatizo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Gari hana, ila maoni juu ya gari langu anayo ya kutosha. "Shem, hii dashibodi ya kizee," aliniambia. "Siku hizi watu wanaweka uso mweupe, taa za bluu, namba hadi 240." Nilimjibu kwamba gari lina sahani ya clutch inayolia, tuanze na hiyo. Akanyamaza, nikadhani tumeelewana. Jumamosi iliyofuata nilikwenda msibani kwa basi na ndugu wa ukoo, na dada yake akampa funguo.

Kazi yenyewe, kwa haki, aliianza vizuri. Alitandika mkeka barazani, akafungua dashibodi, skrubu akaziweka kwenye kikombe. Mishale aling'oa kwa vijiko viwili vilivyopeana migongo, na chini yake akatanguliza kipande cha karatasi kisichubue rangi. Hivyo ndivyo mafundi wanavyofanya. Kitu ambacho mafundi hufanya kabla ya kushika vijiko ni kuwasha swichi, kuacha kila mshale utulie mahali pake, kisha kupaweka alama au kupiga picha. Yeye alama aliiweka kichwani.

Halafu akaupiga picha uso wa spidi, akaupeleka kwa kijana anayechapa stika za daladala. Mteja alitaka 240, kijana akampa 240. Alifuta namba za Japani, akazipanga upya kutoka 0 hadi 240 katika upinde uleule, kwa nafasi za kupendeza. Stika ilitoka nzuri mno. Nasema kweli, ilikuwa nzuri.

Shida ni kwamba mshale haujui kusoma. Kwenye gari kama langu, kihisi kilichoko kwenye giaboksi hutuma ishara, kimota kidogo kinazungusha mshale hadi pembe fulani, basi. Gari likienda 60, mshale unakwenda pembe ya 60, hata ukiandika pale jina la bibi yako. Ukibana 240 mahali palipokuwa pa 180, gari likienda 60 unasoma 80. Likienda 90 unasoma 120.

Wa kwanza kulisoma hilo alikuwa mama mkwe. Nilikuwa namrudisha nyumbani kwa Barabara ya Mandela, ameketi mbele, mkoba mapajani. Tulipofika mahali pameachia kidogo nikamwona ameshika mlango, midomo inacheza. Alikuwa anasali. "Baba," akasema kwa upole, "una haraka ya nini, na mimi sina?" Nikatazama: 80. Nikapunguza hadi 50 ya stika, ambayo kwa hesabu ya barabara ni 37 na ushee. Bodaboda zikatupita, bajaji zikatupita, lori la kontena likatupigia honi ndefu, kisha guta la matofali likatupita nalo. Konda wa daladala akachomoza nje: "Mzee, shuka tukusukume!" Karibu na Tazara alisimama trafiki na tochi yake, ile ambayo ikikunasa ni faini. Akaielekeza kwetu, akaisoma, kisha akanitazama kwa huruma. Mama mkwe aliposhuka akapapasa dashibodi. "Lakini mwanangu ana mikono," akasema.

Mikono hiyo ndiyo iliyorudisha mshale wa mafuta kwa kukadiria. Tangi tupu likawa linasoma nusu, na gari likazima katikati ya taa, mimi nikiapa kwa kila aliyekuja kusukuma kwamba mafuta yamo. Mshale wa joto nao uliegemea upande wa kuchemsha. Mke wangu alikuwa akisimama njiani kila mara kuisubiri rejeta ipoe, nayo haikuwa na moto wowote wa ajabu.

Taa za bluu zilikuwa na mambo yake. Balbu ya kawaida ya dashibodi ukiipachika vyovyote inawaka. LED ina chanya na hasi, ukiigeuza haiwaki. Ya upande wa kushoto iligeuzwa, na kwa hiyo usiku nilikuwa naona kuanzia 120 kwenda juu tu, sehemu ambayo gari lile halijawahi kutembelea tangu liingie nchini.

Kisha jua la Dar likaitia stika mapovu. Povu moja likaushika mshale, na gari likawa linapaki chini ya mwembe, handibreki juu, likienda 80. Mlinzi aliniuliza kama ni salama kupita mbele yake.

Stika ilipobanduliwa iling'oka na rangi ya chini. Ikabidi ninunue dashibodi nyingine ya mtumba kwa wauza spea wa Ilala, na hiyo ikaja na kilomita za gari ilikotoka, zaidi ya laki moja juu ya zangu. Siku ya kuliuza gari itanibidi nimweleze mnunuzi habari hii yote, na sidhani kama ataiamini.

Nawe unayetaka kupamba dashibodi yako, pamba. Rangi badilisha upendavyo, taa weka hata za zambarau, mishale ipige picha kabla ya kuing'oa. Namba tu ziache zilipo. Na kama una shemeji, ukienda msibani nenda na funguo.