Muulize Bi Buni: Mume, Mizani na Kikombe cha Kahawa

Bi Buni hujibu matatizo ya ndoa, ya ukweni na ya safarini, ilimradi ndani yake mna kahawa. Wenye matatizo ya chai watafute ukurasa mwingine.

*Shikamoo Bi Buni. Nimeolewa na mwanamume mpole, mhasibu, asiye na ila. Tangu arudi semina Nairobi amebadilika. Amenunua mizani ya kupimia kahawa, birika lenye shingo kama ya korongo, na kinu cha mkono anachokizungusha saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka mtoto anaamka. Jumapili mama yangu alitutembelea, akatia maziwa kwenye kikombe alichopewa, na mume wangu akashika kichwa kama kafiwa. Nimrudishe kwao? — Mke wa Mtu, Tabata*

Marahaba mwanangu. Kwanza shukuru Mungu. Kuna waume wanaorudi semina na namba za simu. Wako karudi na mizani.

Sasa nikwambie jambo litakalokuudhi: kwenye kinu amepatia. Buni zilizokaangwa zikiwa nzima hukaa na utamu wake wiki kadhaa, lakini zikishasagwa harufu inaondoka siku hiyohiyo. Ukinipa shilingi za kununua kifaa kimoja tu cha kahawa, nitanunua kinu, mengine nitaazima. Kelele zina dawa, asagie uani.

Mizani nayo si wazimu. Gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji ni kipimo cha kuanzia, na kwa kijiko huwezi kukipata, kwa sababu kijiko cha leo si cha kesho. Anamwagia maji kidogo kwanza, anasubiri nusu dakika hewa itoke na unga uumuke, halafu anamalizia taratibu. Kazi yote ni kama dakika 3. Yakipita haraka mno kikombe kitakuwa chepesi na kikali, asage laini zaidi. Yakikwama, kitakuwa kichungu, asage chenga kubwa kidogo. Hapo elimu imeisha. Birika la shingo ndefu ndilo anasa, ila limeshanunuliwa, na ugomvi juu ya kitu kilichokwisha kununuliwa haujawahi kumrudishia mtu pesa.

Kosa lake ni jingine, na hujaliona. Kauhamisha ujuzi wa Nairobi kauleta Tabata kizimakizima. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya bahari, maji ya kule huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo walimfundisha amimine papo hapo yakichemka. Huku pwani maji yanafika nyuzi 100. Akimimina yakitokota anaiunguza kahawa, kisha analaumu buni. Ayatue, ahesabu pole pole mpaka thelathini, ndipo amimine. Na kama nyumba yenu inatumia maji ya kisima yenye chumvi, atumie maji ya kunywa. Hata kahawa ya Mbinga iliyopewa alama 88 na waonjaji itakunywesha kisima. (Kahawa haihesabiwi kuwa ya daraja la juu mpaka ipate alama 80 kati ya 100. Mwambie nawe unalijua hilo, atanyamaza kidogo.)

Kuhusu mama yako, hukumu ni fupi. Mkwe hasahihishwi. Akitaka maziwa apewe maziwa, akitaka tangawizi itwangwe, na mumeo amwulize kama imekolea.

*Bi Buni, nilimpeleka msichana mkahawa mmoja wa maana Nairobi. Menyu ilisema kahawa yao ya Nyeri ina ladha ya waridi, sukari guru na tunda fulani la Ulaya nisilowahi kuliona. Nilipokunywa nikaonja ndimu. Nilitaka kuomba sukari, lakini msichana alikuwa amefumba macho akisikilizia. Je, ulimi wangu una kasoro? — Mdomo Mchachu, Nakuru*

Ulimi wako mzima. Ukali huo ndio uliolipia. Mlima Kenya una udongo mwekundu wa volkano, na mashambani mwake kuna aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa na Maabara ya Scott pale Kabete miaka ya 1930. Matunda yanakobolewa, buni zinavundikwa na kuoshwa kwa maji mengi, na mkaangaji wa mikahawa ya siku hizi anaziepua mapema ili ukali huo usifie motoni. Babu yako alikunywa kahawa nyeusi tii kwa sababu ilikaangwa hadi ikasahau ilikotoka.

Lile tunda la Ulaya usilihofu. Walioanza kuandika orodha za ladha walilila utotoni, wewe hukulila. Sema zambarau. Sema ukwaju. Mwonjaji mwaminifu hutaja alichokila kwao, na ukwaju kwenye kahawa ya Nyeri mimi nimeukuta mara nyingi kuliko hayo mawaridi yao.

Ila tofautisha. Kuna ukali mtamu, unaojaza mate mdomoni, na ukiacha kikombe kipoe kidogo utamu wake unapanda. Na kuna ukali mkavu wa kukaza taya, wenye maji mengi nyuma yake: huo ni uzembe wa mpishi, rudisha kikombe. Kabla ya kuagiza muulize barista swali moja tu, kahawa hii ilikaangwa lini? Akitaja tarehe ya ndani ya mwezi mmoja, kaa. Akisema imeletwa jana, hajajibu. Asipojua kabisa, agiza chai ya maziwa na mandazi, na uwe na amani.

Sukari omba baada ya funda la pili. La kwanza ni adabu kwa mkulima. Na kama msichana atakuacha kwa kijiko cha sukari, amekuokolea mahari.

*Shikamoo Bi Buni. Nilikwenda ukweni Bukoba mara ya kwanza. Baba mkwe akaniletea kahawa kwenye kikapu kidogo. Nikashukuru, nikakipakata, nikasubiri maji ya moto. Nilisubiri karibu saa nzima, wao wakinitazama, mimi nikiwatazama. — Mkwe Mpya, Morogoro*

Marahaba baba. Ungesubiri hadi leo. Ile inatafunwa.

Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa kabla Mzungu hajakanyaga Kagera. Ni robusta, inachumwa haijaiva vizuri, inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa, ndipo inakuwa akamwani ya kumkaribishia mgeni. Unachukua punje chache, unazitia mdomoni, unazitafuna bila haraka huku habari za safari zikiulizwa. Zamani, watu wawili walipofanya undugu wa kuchanjiana, waligawana tunda moja la kahawa, kila mmoja buni yake. Kwa hiyo ulichokipakata kama mtoto mchanga kilikuwa heshima, si kifungua kinywa kilichocheleweshwa.

Rudi ukaombe radhi, watacheka, na jambo litaisha. Lakini usitafune kikapu kizima kufidia aibu. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na usiku huo utahesabu mabati ya ukweni moja baada ya jingine.

*Nilikuwa Roma kwa hija. Baada ya chakula cha mchana nikaagiza kapuchino. Mhudumu akanitazama kama nimeomba uji. Halafu bili ikaja karibu mara mbili ya waliosimama kaunta. Ni rangi yangu? — Mhujaji, Iringa*

Safari hii si rangi, ni kiti. Kwenye baa za kahawa za Italia bei ya kusimama kaunta na bei ya kukaa mezani ni mbili tofauti, na orodha hubandikwa ukutani. Mara nyingi unalipa kwanza kwa keshia, unapeleka risiti kaunta, unapewa espreso iliyotoka kwenye mashine kwa sekunde 25 hadi 30, unainywa kwa mafunda mawili matatu, unaondoka. Kapuchino kwao ni ya asubuhi, wanaamini maziwa juu ya chakula kizito yanavuruga tumbo. Wewe uliyelelewa kwa chai ya maziwa saa zote huna haja ya kuamini hivyo, lakini ukiwa kwao kunywa kama wao. Simama.

*Bi Buni, nilinunua kahawa Kigali, pakiti nzuri, bei ya kuumiza. Vikombe vya mwanzo vilikuwa vitamu ajabu. Juzi kimoja kikanuka viazi mviringo vibichi vilivyomenywa sasa hivi. Mke wangu anasema sijui kuosha vyombo. — Mnuka Viazi, Mwanza*

Mwambie mkeo Bi Buni amekusafisha. Hiyo ni ila inayojulikana ya kahawa za Maziwa Makuu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wanahangaika nayo miaka mingi. Wataalamu wanaihusisha na antestia, mdudu wa jamaa ya kunguni anayedunga tunda likiwa mtini. Buni iliyoathirika hufanana na wenzake, mbichi au iliyokaangwa, na buni moja tu inatosha kukiharibu kikombe.

Haina sumu, inaudhi tu. Saga kikombe kimoja kimoja badala ya pakiti nzima, na unuse unga kabla ya kumimina maji. Ukisikia kiazi, mwaga, futa kinu, saga upya. Usiisuse kahawa ya watu kwa hilo. Rwanda ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, mwaka 2008, na hawakufika huko kwa viazi.

*Nasafiri kikazi. Hotelini Dodoma nakuta vipakiti vya kahawa ya unga na birika la umeme lenye magamba. — Mtumishi wa Umma*

Kahawa ya unga kutoka kiwanda cha Bukoba si dhambi, ni dharura. Begini tia kinu kidogo cha mkono na AeroPress, bomba la plastiki lililobuniwa na Mmarekani Alan Adler mwaka 2005, yuleyule aliyebuni pete ya kurusha ya Aerobie. Halivunjiki na linaoshwa kwa sekunde chache. Birika la hoteli chemshia maji mara moja, mwaga, ndipo uanze.

*Bi Buni, nimekwenda Maskati kumwona shangazi. Kila nikimaliza finjani, kijana anaijaza. Nikaona kukataa ni utovu wa adabu. Sijalala tangu Ijumaa. — Macho Makavu, Unguja*

Maskini mwanangu, na hukuwa na mtu wa kukunong'oneza. Finjani ikikutosha unaitikisa kidogo kushoto na kulia unapoirudisha. Usipoitikisa unasema "ongeza", na yule kijana amelelewa kuongeza. Ndiyo maana anamimina kidogo kidogo, si ubahili. Pokea kwa mkono wa kulia, kula tende, kunywa. Kahawa yao inakaangwa kidogo, rangi yake karibu na ya chai, imejaa iliki, na ulaini huo ndio uliokudanganya. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika kahawa ya Kiarabu, na ukarimu wake, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya Oman na jirani zake watatu. Wewe umeunywa urithi wenyewe mpaka ukakunyima usingizi.

Ukirudi Unguja, kaa barazani Jaws Corner, mwombe muuzaji kahawa chungu kutoka delini, ule na kashata ya njugu. Pale hutikisi kitu. Ukitosheka unalipa na kuendelea kubishana siasa.

*Je, ninunue ile kahawa ya Indonesia inayopitia tumboni mwa ngawa? — Mdadisi, Tanga*

Hapana. Ngawa wengi siku hizi wanafungiwa vizimbani na kulishwa kahawa kwa nguvu, kwa ajili ya biashara, na kwa pesa hiyo utapata kilo za kutosha za kahawa safi ya Mbozi ambayo haijapitia popote.

Barua bado nazipokea. Andikeni kwa ufupi, mtaje kahawa ilitoka wapi na ilikaangwa lini. Wanaotaka kuuliza kama kahawa ya asubuhi inaweza kupashwa moto jioni wasijisumbue kununua stempu.