Sifa za Faili Lililofungwa

Katika vitu vyote vinavyolaaniwa katika ofisi za Kitale na Bungoma kabla ya chai ya saa nne, hakuna kinachoonewa kama faili lililofungwa. Foleni ina watetezi wake, mhuri una wanaouabudu, na hata karani mkali hupata wa kumsifu siku ya kustaafu. Lakini faili likishasema kwamba linatumiwa na mtu mwingine, na kwamba wewe utalisoma tu, halipati wa kulisemea, kuanzia shule za Kibomet hadi makao makuu ya kaunti. Basi nalisemea. Nadai kwamba kikwazo hiki kidogo ndicho mtumishi wa pekee ofisini anayetimiza mambo matatu tuliyoyatungia sheria, tume na semina za siku tatu bila kuyapata: anayeandika awe mmoja kwa wakati mmoja, ajulikane ni nani, na wengine wote waachiwe macho yao.

Tuiangalie kazi yenyewe. Mtu akifungua waraka kwa Word, programu huunda kando yake kijifaili kilichofichwa, jina lake likianza kwa kiwimbi na alama ya dola, na kazi yake ni kushika jina la aliyefungua. LibreOffice nayo huweka chake, kikiwa na jina, kompyuta, tarehe na saa. Mwenye waraka akiufunga, kijifaili hufutika. Hakiombi chai. Ili kuona kinazuia nini, chukua daftari la stoo ya mahindi linalofunguliwa kwenye kompyuta mbili za chama cha wakulima. Saa tatu asubuhi lina magunia 400 ya kilo 90, na makarani wawili wamelifungua pamoja. Wa kwanza anaingiza magunia 60 yaliyopokelewa, anahifadhi: 460. Wa pili, ambaye skrini yake ingali na 400, anatoa magunia 25 yaliyouzwa, naye anahifadhi: 375. Stoo ina magunia 435. Magunia 60 yametoweka bila mwizi, bila panya na bila mtu kukosea hesabu, na mkutano mkuu ukifika kila karani ataapa, kwa haki kabisa, kwamba aliandika alichokiona. Kufuli lingemwambia mmoja wao asubiri, naye angelitukana, na magunia yangebaki.

Wapinzani wana jibu la haraka: hilo jina linalotajwa halina faida, kwa sababu mara nyingi ujumbe husema faili limefungwa na “User”. Ni kweli. Word hutaja jina lolote lililoandikwa programu ilipowekwa, na ofisi zetu nyingi zinatumia kompyuta za mtumba zilizofika na jina lao kutoka huko zilikotoka, au zilizoandaliwa na fundi mmoja aliyeita kila mashine “User” ili awahi nyingine. Kwa hiyo katika ofisi ya watu saba, User ndiye anayeandika bajeti, User ndiye anayesubiri, na User ndiye aliyekwenda kula na kuacha faili wazi. Lakini hapo faili limekosa nini? Limeuliza jina, likapewa la uongo, nalo likalitangaza kwa uaminifu. Kubadilisha jina hilo katika mipangilio ya programu ni kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Tena hata User ana kheri zake: humlazimisha mtu kuinuka kitini na kupaza sauti, “Nani ameshika faili ya mishahara?”, na katika ofisi ambako watu hutumiana ujumbe wa WhatsApp huku wamepakana viti, mara nyingi hayo ndiyo mazungumzo ya ana kwa ana ya siku nzima.

Shtaka la pili ni zito zaidi, nalo linahusu stima. Umeme ukikatika, kompyuta isiyo na betri huzima kabla programu haijapata nafasi ya kufuta kijifaili chake. Stima ikirudi, waraka unasema umefungwa. Na mara nyingine aliyeufunga, kwa mujibu wa ujumbe, ni wewe mwenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, na hakuna sababu ya kudhani makufuli ya Kitale yalisalimika. Ni kama choo cha stendi kilichofungwa kwa ndani na mtu aliyetokea dirishani: foleni inaheshimu mlango, na ndani hamna mtu. Hapa sitetei sana, ila naomba hukumu iende kwa mwenye kosa. Dawa ni kuuliza kwanza kama kuna mwenzako aliyefungua, kufunga programu zote, kisha kukitafuta kijifaili kile kilichofichwa na kukifuta. Waraka wenyewe hauguswi. Anayeogopa hatua hiyo ndogo huona ni heri alitupie faili lawama za shirika zima la umeme.

Naye asiyetaka kusubiri wala kuuliza hufanya nakala. Hapo ndipo uharibifu huanza, kwa maana faili moja lililofungwa huzaa manne yaliyo wazi: bajeti ya mwisho, bajeti ya mwisho kabisa, bajeti ya mwisho ya bosi, na ile iliyopelekwa kwa barua pepe. Wapo wanaosema tiba ni kuachana na makufuli na kuhamia Google Docs na nduguze, ambako watu kumi huandika pamoja na kila mmoja anaona herufi za mwenzake zikitokea. Nakubali kwamba kwa daftari la magunia hiyo ni tiba kamili: karani wa pili angeiona 460 papo hapo. Nakubali pia kwamba huko kila badiliko huwekwa kwenye historia. Ila bando likiisha historia hiyo haisomeki, na likiwepo wachache huifungua. Tena muhtasari wa kikao si daftari la magunia. Waachie wajumbe watano waurekebishe kwa wakati mmoja, na kufikia jioni kila mmoja atakuwa ameyanyoosha maneno yake, mkopo uliokataliwa utakuwa umeahirishwa, na mwenyekiti atakuwa hakuwahi kupandisha sauti.

Pingamizi kubwa ni la kisiasa. Mkenya akisikia neno kufuli karibu na kompyuta hukumbuka “fungua sava”. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi iruhusu mitambo yake ikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Je, si huo ndio ushahidi kwamba kilichofungwa ni kichaka cha wizi? Hapana, kwa sababu kule lililofungwa lilikuwa jicho, na faili ninalolisifu hufunga mkono tu. Mfano wake halisi ulikuja katika uchaguzi wa 2022: fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, mwenye simu akiwa Kibomet au Mandera azisome na kujijumlishia, na asiweze kubadilisha hata tarakimu moja. Watu walibishana, wakaenda kortini, lakini wote walibishana juu ya karatasi zile zile. Bungoma nayo inajua faida ya karatasi kusomeka. Wilbaro kumi zilizonunuliwa na kaunti mwaka 2015, zilizoandikiwa bei ya Sh109,320 kila moja zilitikisa nchi kwa sababu moja tu, kwamba watu waliiona tarakimu ikiwa kama ilivyoandikwa, kabla ya mkono wa pili kuipunguza makali.

Kufuli la neno la siri ni ukoo mwingine, nalo nalisifu kwa kiasi. Taarifa ya M-PESA hufika kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na msimbo wake huja kwa SMS. Huo ni utaratibu mzuri. Zipo nyaraka nyingine zinazofunguliwa kwa nambari ya kitambulisho, ile ile ambayo mlinzi wa kila jengo mjini huiandika kwenye daftari lake getini, na sijui Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalitazamaje daftari hilo. Lile jedwali la Excel la iTax, lenye seli zisizokubali kuguswa, huwatoa watu jasho kila Juni inapokaribia tarehe 30, lakini fikiria kila mlipa kodi akiruhusiwa kuongeza safu aipendayo. Wajuzi watasema kulinda jedwali hivyo si ulinzi wa kweli, kwamba fundi yeyote wa saiba hulivua dakika mbili, na hawadanganyi; kinachosimba waraka hasa ni neno la siri la kuufungulia, nalo tangu Office ya 2007 si la mchezo. Ndiyo maana katika shule nyingi lipo jedwali moja la karo ambalo hakuna anayeweza kulifungua ila sekretari aliyestaafu. Kila mwanzo wa muhula mwalimu mkuu humpigia simu, huulizia mahindi, huulizia wajukuu na magoti, kisha huomba neno la siri kwa sauti ya chini. Waliostaafu pamoja naye, wakiwemo manaibu wawili wa mwalimu mkuu, hawapigiwi na mtu.