Wapole Wawili, Bando Langu

Watu wanaosifia wapole hawajawahi kupangiwa nao chumba. Mimi nimepangiwa na mmoja hapa chuoni Mlimani. Yeye analala juu ya dabodeka, mimi chini, na saa nane za usiku kitanda kinalia kwa sababu bwana anagaagaa akiwaza kama amwandikie dada fulani “Mambo” au “Habari yako”. Alfajiri “Mambo” inashinda. Halafu anaifuta. Bando ni langu. Lake limeishia kwenye picha ya profaili ya dada huyo.

Dada mwenyewe nasoma naye sosholojia. Ana mwanya. Kwetu Tanga mwanya ni mali. Bibi yangu alikuwa nao, na mpaka uzeeni alikuwa akicheka hata pasipo kichekesho, ili mradi uonekane. Huyu wetu anauficha. Akicheka, kiganja mdomoni. Akipigwa picha, midomo kaibana utadhani ya kitambulisho.

Siku moja akanivuta pembeni. “Kaka, yule rafiki yako mwambie aache kunitazama meno.” Nikafikisha salamu. Tangu hapo rumeti wangu akikutana naye anatazama sakafu. Wiki haikuisha, nikaitwa tena: “Si umeona? Hataki hata kuniangalia.” Nikafikisha na hiyo. Jibu la bwana: “Mwanangu, kumbe ananichunguza? Basi sitoki chumbani.”

Niambieni, posta ya namna hii inalipwa na nani?

Maktaba yetu mpya, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wachina ikazinduliwa 2018, inachukua watu 2,100 kwa mara moja. Bwana wangu anataka kiti kimoja tu kati ya vyote hivyo: nyuma ya nguzo, upande wa dirisha, panapoonekana kisogo cha mtu fulani. Wa kuwahi kukiwekea begi ni mimi. Na bumu letu tunalijua. Hata baada ya kupandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, Bodi ya Mikopo haikuweka fungu la chipsi mayai za kumpelekea msichana na kusema “zimebaki tu”. Fungu hilo nimeliweka mimi.

Basi ikafika zamu ya dada kuwasilisha semina. Kasimama mbele, karatasi mkono mmoja, kiganja cha pili mdomoni. Tuliokaa safu ya kwanza tulipata neno moja katika matano. Mhadhiri akasema, “Toa mkono, binti, husikiki.” Darasa likacheka. Dada akaanza kukunja karatasi zake, macho yamejaa maji.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, kiti kikalia.

“Samahani, Dokta. Sisi huku nyuma tunasikia vizuri sana.”

Nikageuka. Ni wangu! Mtu ambaye kwenye daladala anapitilizwa kituo kwa kuona haya kusema “shusha”. Mhadhiri akamuuliza yeye ni nani. Akajibu, “Uhandisi wa ujenzi, Dokta,” akabaki amesimama, magoti yanatetemeka, kwenye semina ya familia na ndoa. Darasa zima likaangua kicheko, mhadhiri naye, na dada akacheka mpaka akasahau mkono. Mwanya nje. Akawasilisha hadi mwisho, na mimi niliyemsaidia kuandaa ile mada usiku kucha sikutajwa popote.

Mngedhani sasa nimepumzika. Wapi! Wamekubaliana, sawa, lakini wakiachwa wawili kila mmoja anatazama simu yake. Wanaandikiana hapo hapo mezani, kwa bando langu. Jumamosi wanakwenda Coco Beach kula mihogo, wakaniomba niwasindikize ili pawe na wa kuongea. Nimekubali. Jana usiku kitanda cha juu kikalia tena, kichwa kikaning’inia: “Mwanangu, Jumamosi usiongee sana, bwana. Usije ukamchekesha kuliko mimi.”

Nauli ya watatu, kwa taarifa yenu, bado haijapatikana.