Jinsi ya Kushuka Vitani kwa Ndege: Mwongozo kwa Majenerali wa Steji, Machakos

Helikopta ya jeshi ikipita tu juu ya vilima vya Mua, majenerali huzuka papo hapo kwenye steji ya Machakos. Mmoja ataapa kwamba angevimaliza vita vya Kongo asubuhi moja: ndege tano, askari mia, kwisha. Mheshimiwa jenerali, mwongozo huu ni wako. Nakuandikia kwa moyo wote, kwa sababu watakaopanda ndege hizo ni vijana wa majirani zetu, na Ukambani imekuwa ikitoa askari tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni wa Uingereza hapa Afrika Mashariki.

Anza na mahali pa kutua. Umeona helikopta ya mwanasiasa ikishuka kwenye uwanja wa shule: vumbi jekundu linapanda, watoto wanafumba macho, bati lililolegea linapigapiga juu ya darasa. Rubani naye, mita chache za mwisho, haoni ardhi. Sasa weka bunduki upande wa pili wa uwanja. Kumbuka pia kwamba mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la saa saba huzidi kuinyima helikopta nguvu ya kuinua mzigo. Ukipanga askari kumi na wawili, rubani mwenye akili atakuteremshia kadhaa kabla hamjaondoka. Usimgombeze. Akikwambia hali ya hewa ni mbaya, msikilize pia. Agosti 2012 helikopta nne za Uganda zilitoka Entebbe kwenda Somalia. Moja ilifika Garissa. Tatu ziliangukia Mlima Kenya, bila adui yeyote kufyatua risasi.

Kisha tafuta mtu anayepajua mnakokwenda. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Waingereza. Alfajiri ya tarehe 25, makomando wa kikosi cha 45 walirushwa kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, pamoja na brigedia aliyekuwa akiliongoza jeshi hilo kabla ya maasi. Kikosi chenyewe hakikuwa kigeni kwa kazi hii: mwaka 1956 kilishushwa Port Said, Misri, katika shambulio la kwanza duniani la helikopta kutoka melini. Colito ilitekwa upesi. Lakini jenerali, usiishie hapo kupiga makofi. Mwalimu aliona aibu kubwa kuwaita wakoloni wa jana, akalivunja jeshi lile, na mwaka huo huo jeshi jipya, JWTZ, likaundwa.

Sasa tufike Kisangani huko Kongo, wakati huo Stanleyville, maana hapo ndipo majenerali wa steji huharibu hesabu. Novemba 1964 waasi wa Simba walikuwa wameshika mateka mamia ya wageni mjini. Tarehe 24, saa kumi na mbili asubuhi, ndege za Marekani aina ya C-130 ziliwamwaga zaidi ya makomando 300 wa Ubelgiji kwa miavuli juu ya uwanja wa ndege. Kuruka kulikwenda vizuri. Walipotua, waliukuta uwanja umejaa mapipa na magari yaliyowekwa kuziba njia, ikabidi wayasukume kwa mikono ili ndege nyingine zitue. Kutoka hapo hadi mjini ni kilomita chache tu, umbali ambao bodaboda anaumaliza kwa dakika. Wao walikwenda kwa miguu, wakipigana. Huko mjini waasi waliwatoa mateka hotelini, wakawaketisha barabarani, na waliposikia milio ya risasi ikikaribia wakawafyatulia. Wengi waliokolewa siku ile, lakini waliouawa pale barabarani waliuawa wakati wakombozi wao tayari wako ardhini. Kwa hiyo ukichora mpango wako mchangani, acha kuchora ndege. Chora ile njia ya kutoka uwanjani, pima kila kona yake, na useme nani atafika mwisho wake na kwa muda gani.

Halafu walishe. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wengi wa Ukambani, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika. Malori yalizama kwenye tope, na chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege. Mawingu yakifunga, hakuna mlo. Askari wa angani ana alichobeba mgongoni tu, kwa hiyo panga shehena ya siku ya pili kabla ya ushujaa wa siku ya kwanza.

Mwisho, mafuta ya kurudi. Julai 1976 makomando wa Israeli walitua Entebbe usiku kwa ndege nne za C-130, wakawakomboa mateka wengi wa ndege iliyotekwa nyara, wakampoteza kamanda wao Yonatan Netanyahu, kisha wakapitia Nairobi kujaza mafuta. Ndege ziliondoka. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda hawakuwa na ndege, na watu wa Rais Idi Amin waliwaua wengi kulipiza kisasi kwa msaada huo wa Kenya. Mpango wako, jenerali, uwe na ukurasa wa watu kama hao: wako wapi, ni wangapi, na nani atawafikia kabla hasira haijawafikia.