Umri wa Kushika Brashi

Kilwa Masoko, mtu wa miaka sitini akiongeza mke anapigiwa vigelegele. Akigombea udiwani, ni "kijana wetu". Ila anunue rangi na brashi uone: baraza zima la kahawa linamhurumia, na wanawe wanampigia simu shangazi yao Lindi mjini, waulizane mzee kapatwa na nini.

Sanaa, nasikia, ina umri wake. Sijui mchoraji George Lilanga aliponyokaje. Kazaliwa huku huku kusini mwaka 1934, na kuchonga alijua tangu kijijini. Lakini Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970, aliingia kama mlinzi. Mlinzi, bwana, na arobaini inabisha hodi! Huko huko akashika brashi, na mwaka 1978 kazi zake zikaoneshwa Washington. Mashetani aliowachora, wenye masikio kama ungo, wamezunguka Ulaya, na hakuna aliyewadai cheti cha kuzaliwa.

Tusionewe lakini: sisi hatudharau kilichochelewa. Husuni Kubwa, jumba la sultani kule Kilwa Kisiwani, wanaakiolojia wanasema liliachwa halijamalizika tangu karne ya 14. Mwaka 1981 UNESCO ikayatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia, na wageni tunawavusha kwa mashua wakayashangae. Basi mzee wetu na brashi yake avumilie kidogo. Akishakuwa gofu, tutamwekea kibao na kiingilio.